Kompyuta ipo, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu

Ukifika shule ya msingi ya kijijini ukaambiwa ina kompyuta, usihangaike kuuliza ziko ngapi. Uliza ufunguo unakaa kwa nani. Aghalabu utajibiwa kwamba unakaa kwa mwalimu mkuu, na kwamba leo mwalimu mkuu hayupo, ameitwa halmashauri. Kompyuta yenyewe utaichungulia dirishani: imewekwa kwenye meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa, ubavuni imeandikwa kwa rangi nyeupe jina la shule na namba ya leja. Walimu wanaiheshimu. Wanaiheshimu kiasi kwamba hawaigusi.

Kumlaumu mwalimu mkuu ni rahisi na si haki. Kifaa alikisainia yeye. Kikiharibika atajieleza kwa maandishi, kikiibwa ataitwa polisi yeye na mlinzi, na hajawahi kuulizwa hata siku moja kwa nini kimekaa muda wote huo bila kutumika. Mtu anayebanwa kwa kuharibu na habanwi kwa kutotumia atafunga mlango. Hata wewe ungefunga.

Sasa tazama mafunzo anayopewa huyo anayetakiwa kuitumia. Barua inatoka halmashauri ikitaka jina la mwalimu mmoja kutoka kila shule. Jina linaloenda mara nyingi ni la mwalimu mkuu mwenyewe, au la mtaaluma, au la yule ambaye zamu yake ya posho imefika. Wanakaa siku mbili tatu ukumbini, makao makuu ya wilaya. Siku ya kwanza wanafundishwa sehemu za kompyuta: kibodi, kipanya, kioo, na kile kiboksi ambacho kila mkufunzi anasisitiza kwamba ndicho ubongo. Siku ya pili wanafungua ukurasa, wanaandika majina yao, wanayakoleza wino, wanayapigia mstari, wanayahifadhi. Watu watatu wanakalia kompyuta moja, na kati ya hao anayeshika kipanya ni yule ambaye tayari anajua. Siku ya mwisho ni vyeti, picha ya pamoja, posho, na kuwahi basi. Jumatatu mwalimu yuko mbele ya watoto 80 na kipande cha chaki mkononi, na katika yote aliyojifunza hamna linalomsaidia kwenye kipindi cha hisabati cha saa mbili asubuhi.

Semina za namna hiyo tumezifanya kwa miaka mingi. Sera ya Tanzania ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ilitoka mwaka 2007. Vyuo vya ualimu vya serikali vilikuwa vimeshaanza kupelekewa kompyuta kabla yake, kwa msaada wa Sweden. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka kompyuta kwenye shule za umma na kuwapeleka walimu kunolewa katika taasisi kama UDOM, DIT na MUST. Kwa hiyo atakayesema hakuna kilichofanyika atakuwa anadanganya. Na mashine kweli ni chache. Lakini mafunzo mengi hutungwa kwa ajili ya shule yenye chumba cha kompyuta, umeme usiokatika na fundi wa karibu, halafu wanapewa walimu wa shule isiyo na hata kimoja kati ya hivyo. Kumfundisha mwalimu wa shule yenye kompyuta moja ni kazi tofauti kabisa. Ina mbinu zake, ina mpangilio wake, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopaswa kuwa kazi kuu, kwa kuwa shule za aina hiyo ndizo nyingi.

Simu, televisheni na redio

Tuliwahi kuisogelea kazi hiyo. Mwaka huohuo wa 2007 ulianza nchini mradi ulioitwa Elimu kwa Teknolojia, uliofika katika shule za msingi 150. Wazo lake lilikuwa jepesi. Mwalimu anapewa simu inayoweza kupakua video fupi ya somo la sayansi, hisabati au stadi za maisha, simu inaunganishwa kwa waya na televisheni iliyopo darasani, watoto wanaangalia dakika chache, kisha video inazimwa na somo linaendelea kwa mjadala na shughuli. Pamoja na video palikuwa na andalio la somo. Mwalimu hakulazimika kujua kompyuta ni nini. Alihitaji kujua simu, na simu alikuwa ameanza kuijua.

Uzuri wa mpango ule, ninavyouona, ulikuwa kwamba mafunzo yalianzia kwenye mada. Mwalimu hakuulizwa kama anajua teknolojia. Aliulizwa mada gani inamshinda kuieleza ubaoni. Ubaya wake ulikuwa ule wa miradi yote: tarehe ya kufa huandikwa siku ya kuzaliwa. Fedha za mfadhili zikiisha, huduma iliyo nyuma ya kifaa hukatika, na kifaa hubaki kuwa bidhaa ya leja.

Kuna kumbukumbu ya zamani zaidi ambayo wataalamu wetu wa TEHAMA hawaitaji, labda kwa sababu haina waya. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo Novemba 1977. Walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza elimu ya msingi, wakapangiwa shule za vijijini, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine, wakiongozwa na walimu wazoefu, wakitumiwa masomo kwa njia ya posta na kusikiliza vipindi vya redio. Ilichukua miaka mitatu, na waliofuzu walikuwa zaidi ya 35,000. Watu waliwadharau walimu hao wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na dharau ile kwa sehemu ilikuwa na msingi, maana wengi walijua kidogo. Kizazi kilichofuata cha walimu wa haraka, wale waliopelekwa sekondari miaka ya 2000 baada ya wiki chache za mafunzo, nao walibatizwa jina la voda fasta.

Ila tutenganishe alichokijua kijana yule na namna alivyofunzwa. Alifunzwa hapohapo kazini, kwa muda mrefu, kidogo kidogo, kwa chombo alichokuwa nacho, yaani redio ya mkulima, na mtu akaja kumtazama akifundisha. Ukilinganisha na siku tatu za ukumbini, sijui nani kati yao anastahili kuitwa voda fasta.

Anzeni na maksi

Mtu akiniuliza somo la kwanza la kompyuta kwa walimu liwe nini, ningejibu bila kusita: maksi.

Chukua shule yenye darasa la saba la mikondo mitatu, kila mkondo watoto 70. Mitihani ya muhula ikiisha kuna watoto 210 na masomo sita, yaani maksi 1,260 za kuandikwa, kujumlishwa, kutafutiwa wastani, kupangwa kwa nafasi, kisha kunakiliwa kwenye ripoti za wazazi. Kazi hii hufanywa kwa kikokotoo na karatasi ndefu iliyochorwa kwa rula, nayo hula mwisho wa wiki mzima wa mtaaluma na wenzake wawili. Akikosea mtoto mmoja, nafasi za wote walio chini yake zinaporomoka, na kazi inaanza upya. Mzazi mmoja akija kulalamika, inaanza tena.

Mwonyeshe mwalimu huyo jedwali la kompyuta. Usimweleze historia yake. Mpe majina ya watoto wake mwenyewe na maksi zao za muhula uliopita, mwonyeshe fomula ya jumla, ya wastani na ya nafasi, mwache abadilishe maksi moja aone orodha nzima ikijipanga. Baada ya hapo hutahitaji kumhutubia kuhusu umuhimu wa TEHAMA. Atakutafuta yeye. Na hilo linafanyika kwenye simu janja ya kawaida, bila intaneti, kwa programu isiyolipiwa.

Kuna wanaoliona hili jambo dogo. Wanasema teknolojia ni ya kumsaidia mtoto ajifunze, wewe unazungumzia makaratasi ya ofisi. Nawaelewa, ila wamesahau maksi zinapoishia. Mwalimu aliyezoea jedwali la majina hubakiza hatua moja tu kuanza jedwali la maswali: swali la kwanza wamepata wangapi, la pili wangapi, la kumi wangapi. Hapo ndipo anapogundua kwamba watoto 190 kati ya 210 wamekosa swali la sehemu na desimali, na kwamba pengine aliyeshindwa si mtoto. Huo ni ualimu, na umetoka kwenye karatasi za ofisi.

Jambo la pili baada ya maksi ni mtihani wenyewe. Shule nyingi hupeleka maswali yaliyoandikwa kwa mkono kwenye duka la steshenari mjini, kijana wa dukani anayachapa, anakosea alama za hesabu, michoro anaiacha, na shule inalipa kwa kila ukurasa. Mtihani umeshatoka nje ya shule, na wote wanajua maana yake. Mwalimu mwenye uwezo wa kuchapa mtihani wake na kuuchora mchoro wake ameokoa fedha na ameokoa siri.

Kenya wamelipitia hili, la mwalimu kuifikia kompyuta kupitia kazi yake, kwa njia ya maumivu. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia kwenye uchaguzi na ahadi ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Zabuni ikakwama, mpango ukabadilishwa, na kuanzia 2016 shule zikagawiwa vishikwambi vya wanafunzi, pamoja na kompyuta mpakato mbili za walimu, projekta na kisanduku cha kuhifadhia masomo. Vifaa vilipita milioni moja, katika shule zaidi ya 20,000. Vingi vikafungiwa nyuma ya vyuma vya dirishani, kwa sababu zilezile za ufunguo. Wakati huohuo Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilileta TPAD, mfumo wa kumpima mwalimu ambao baadaye ulihamia mtandaoni, na Baraza la Mitihani, KNEC, likaanza kutaka alama za tathmini za shuleni zipakiwe kwenye tovuti yake. Ghafla maelfu ya walimu wakajikuta kwenye foleni za saiba, wengine wakilipa kijana awajazie. Mwalimu wa Kenya aliisogelea kompyuta kwa kuogopa mwajiri, jambo ambalo silipendekezi kwa yeyote. Lakini aliisogelea kupitia kazi ya lazima, kazi yenye tarehe ya mwisho, na wengi wao wakaishia kujua.

Kioo kimoja, watoto 80

Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilianza kugawa vishikwambi karibu 300,000 kwa walimu na watendaji wa elimu, vikiwemo vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo. Kwa mtazamo wa ufunguo, haya yalikuwa mapinduzi. Kifaa kilitoka kwenye kabati la mwalimu mkuu kikaingia kwenye mkoba wa mwalimu. Kinalala kwake, kinachajiwa kwake, na watoto wake wanachezea gemu humo, bila shaka.

Swali likabaki darasani. Kioo chenye ukubwa wa daftari, watoto 80, projekta hakuna. Unafanya nini?

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kukiinua juu na kuzunguka nacho katikati ya madawati. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanasimama juu ya madawati, na kufikia dakika ya kumi somo limekwisha bila kuanza. Ajabu ni kwamba mafunzo mengi humwacha mwalimu hapo.

Zipo njia nyingine, na ndizo zinazohitaji kufundishwa. Ya kwanza ni sikio. Sauti inafika mahali picha haifiki. Katika mtaala mpya, Kiingereza kinaanza kufundishwa kama somo tangu darasa la kwanza, na mwalimu anayekifundisha mara nyingi ni yule aliyekisoma yeye mwenyewe kuanzia darasa la tatu, tena kwa shida. Kishikwambi na spika ndogo ya bei nafuu vinaweza kuleta darasani matamshi ambayo mwalimu hana. Watoto wasikilize, warudie, wasikilize tena. Zaidi ya hapo, warekodiwe na wajisikilize wenyewe; sijaona mtoto asiyenyamaza kusikiliza sauti yake.

Ya pili ni kugawa. Makundi manane ya watoto kumi, moja kwenye kishikwambi, mengine kwenye kazi za mikono na vitabu, yakipokezana kwa siku kadhaa na si kwa kipindi kimoja. Hii inahitaji mwalimu ajue kupanga kazi za makundi saba ambayo hayana kifaa. Ujuzi huo hauna teknolojia yoyote ndani yake. Lakini bila huo, kifaa hakina kazi.

Ya tatu ni kamera. Weka tone dogo la maji juu ya lenzi ya mbele ya simu, kisha sogeza juu yake ngozi nyembamba ya kitunguu au bawa la nzi: kioo kitakuonyesha vitu ambavyo shule nyingi hazijawahi kuviona kwa sababu hazina hadubini. Tone likiwa dogo zaidi, picha hukua zaidi. (Jaribu kwa simu yako kwanza, siyo ile ya leja.) Kamera hiyohiyo inaweza kupiga picha za daftari za watoto watano waliokosea hesabu kwa njia tano tofauti, mwalimu akae nazo usiku atafakari kila mmoja alikwama wapi.

Na ya nne, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, haionekani darasani kabisa. Mwalimu wa sekondari ya kata ambaye hana maabara ataangalia usiku, nyumbani kwake, video ya jaribio la kemia ambalo yeye mwenyewe alilisoma kwa nadharia tu chuoni. Ataona rangi inavyobadilika, ataona mtu anavyoshika bomba la kioo, atajua sasa kwa nini kitabu kinasema pasha moto polepole. Asubuhi ataingia darasani na chaki yake ileile. Watoto hawataona teknolojia yoyote. Lakini maelezo watakayopata yatatoka kwa mtu aliyeona. Katika shule yenye vifaa vichache, mtumiaji wa kwanza wa kifaa anapaswa kuwa mwalimu anapojiandaa, na bado sijakutana na fomu ya ufuatiliaji inayohesabu hilo. Fomu huhesabu vipindi vilivyofundishwa kwa projekta.

Ushahidi kwamba kifaa peke yake hakitoshi upo, na ulitoka mbali. Peru iligawa mamia ya maelfu ya zile kompyuta ndogo za kijani za mpango wa One Laptop per Child. Watafiti wakafuatilia shule 319 za vijijini, matokeo yakatoka mwaka 2012: baada ya miezi 15, watoto waliopewa kompyuta hawakuwa wamewazidi wenzao katika hisabati wala katika lugha. Walimu wa Peru walikuwa wamepewa mafunzo, tena si ya mzaha, ila yalihusu kompyuta yenyewe zaidi kuliko jinsi ya kuifundishia. Rwanda nayo iliingia kwenye mpango huo na kugawa zaidi ya kompyuta 200,000. Tulikuwa na nafasi ya kujifunza kwa fedha za wengine.

Grupu la kata

Kwenye karatasi, Tanzania tayari ina jibu zuri. Linaitwa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Badala ya kumsafirisha mwalimu, mafunzo yanamfuata shuleni. Walimu wa shule moja wanaunda jumuiya ya kujifunza, wanakutana kwa ratiba, wanachagua mada inayowasumbua, mmoja anaiandaa, anaifundisha wenzake wakimtazama, kisha wanakaa kuijadili. Kuna vituo vya walimu vya kuwakutanisha wa shule jirani, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka moduli zake kwenye mfumo wa mtandaoni. Ndugu wa mpango huu ni ule wa UPE, ingawa waliouandika huenda wasikubali undugu huo.

Ukiushusha mpango huu hadi kijijini, unakutana na mambo mawili. Kwanza muda. Shule yenye walimu saba na wanafunzi 600, wakati kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, haina mwalimu wa kukaa nyuma ya darasa amtazame mwenzake. Akikaa, darasa lake liko peke yake. Kikao kinasogezwa alasiri, na alasiri mwalimu ana njaa, ana shamba, na kama ni mama ana mtoto mchanga anamsubiri. Walimu wanawake ndio wanaokosa zaidi semina za mbali kwa sababu hizohizo, kwa hiyo mafunzo ya shuleni yalipaswa kuwa neema kwao. Yatakuwa hivyo pale tu ratiba itakapopanga kikao ndani ya saa za kazi.

Pili ni picha. Kila kikao kinatakiwa kithibitishwe, na uthibitisho wa siku hizi ni picha kwenye grupu la WhatsApp la kata. Walimu wanakaa mkao wa mjadala, mmoja anasimama mbele akinyoosha kidole ubaoni, picha inapigwa, inatumwa, Afisa Elimu Kata anajibu kwa kidole gumba. Kuna siku kikao kinaishia hapo. Sitaki kusema ni kila mahali. Ila mfumo unaopokea picha kama ushahidi wa mafunzo utaletewa picha.

Grupu hilohilo, kwa upande mwingine, limefanya kazi ambayo hakuna mradi ulioipanga. Humo ndimo walimu wanamotumiana mitihani, majibu, sauti za maelezo, na maazimio ya kazi ya mwaka mzima yaliyokwisha kuandikwa, kazi ya mwalimu ikibaki kubadilisha jina la shule. Na tangu programu za akili unde zilipoenea, andalio la somo linatoka kwa nusu dakika, limepangwa vizuri, mthibiti ubora hana la kusema, na linahusu darasa lisilokuwepo, darasa lenye watoto 25 na kadi za rangi. Kupiga marufuku hakutasaidia. Mwalimu afundishwe kuuliza vizuri: nina watoto 80, nina ubao, mawe na vifuniko vya soda, nipe njia tatu za kufundisha kuzidisha. Halafu afundishwe kukataa mbili kati ya hizo tatu.

Wati, bando na ruzuku

Kuhusu mitambo nitasema machache, kwa sababu hapa majibu yanajulikana na yanazidi kushuka bei. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula kati ya wati 100 na 200. Kishikwambi kinapochajiwa hula kama 10. Kompyuta za mezani 20 zinahitaji wati 3,000 hivi, wakati vishikwambi 20 vinatosheka na 200, kiasi ambacho paneli moja ya sola inaweza kukihudumia jua likiwaka. Nguzo za umeme zimefika karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, ila kufika kijijini ni jambo moja, kuingia darasani ni lingine, na umeme wa LUKU kuisha katikati ya mwezi ni la tatu.

Intaneti nayo si lazima iwepo kila saa. Programu kama Kolibri, inayotumika bure na yenye sura ya Kiswahili, huwekwa kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi inayokula wati tano, na kutoka hapo vifaa vyote vya shuleni vinasoma vitabu na video bila bando hata la shilingi mia. Vipindi vya Ubongo Kids vimo humo kwa Kiswahili. Shule za sekondari za Karatu na kwingineko zimewekewa mitambo midogo ya namna hii inayotumia jua. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, madarasa ya mtandao yalipelekwa pamoja na mtu: kila kituo kina mwalimu aliyeteuliwa kukaa hapo, kuwasaidia wenzake na kutunza vifaa. Huyo mtu ndiye ambaye shule za kawaida hazina.

Moduli za mtandaoni za MEWAKA nazo zingeweza kusafiri bila mtandao. Mwaka 2018 Maafisa Elimu Kata waligawiwa pikipiki karibu 3,000. Pikipiki moja, memori kadi moja, mzunguko mmoja kwa mwezi, na walimu wa kata nzima wanazo video zote za muhula.

Fedha ni ngumu zaidi. Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ambapo 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikaenda shuleni. Shule ya watoto 600 inapata milioni 3.6 kwa mwaka: laki tatu kwa mwezi, kwa chaki, mitihani, michezo, ukarabati na mengineyo. Ukimwambia mwalimu mkuu huyo atenge fedha za kutengeneza kioo cha kishikwambi kilichopasuka, atazitoa wapi? Hapo ndipo tunaporudi kwenye hofu ya leja, na hapo ndipo waraka mmoja ungefanya kazi kuliko semina kumi: waraka unaokubali kwamba vifaa vinavyotumiwa huchakaa na huvunjika, unaoweka kiwango cha uharibifu ambacho mtu hatadaiwa, na unaomtaka mwalimu mkuu aeleze kifaa kilichokaa kabatini kama anavyoeleza kilichopotea.

Kuhusu mtu wa kukaa na vifaa, yuko tayari kijijini. Katika shule nyingi kuna kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, hajapata ajira, anajitolea. Wazazi wanamchangia kidogo, anaishi kwa wazazi wake au kwenye chumba cha shule. Ndiye anayeitwa kishikwambi kikigoma, ndiye aliyewafungulia wenzake akaunti za mfumo wa moduli, ndiye aliyemchapia mwalimu mkuu ripoti ya robo mwaka na kuituma kwa simu yake, kwa bando lake. Barua ya semina ya TEHAMA ikija kutoka halmashauri, fomu yake ina mistari mitatu: jina kamili, shule, na cheki namba, ile ya mwajiriwa wa serikali. Kijana huyu hana cheki namba, kwa hiyo anaenda mwingine, na akirudi ataomba aelekezwe na kijana huyu jinsi ya kufungua faili alilopewa huko.